Utafiti wa Maradhi na Fedha za Serikali
Somo kwa wanafunzi wa vidato vyote, na kwa wazazi watakaosomewa gazeti hili nyumbani

Mgonjwa wa kifua kikuu akienda leo katika hospitali ya Sumbawanga, au katika kituo cha afya cha Laela au Kirando, hupewa dawa bila malipo, na kwa kawaida huambiwa azinywe kwa muda wa miezi 6. Watu wengi hudhani kuwa hesabu hiyo ya miezi 6 imewekwa tu na watengenezaji wa dawa. Sivyo. Hapo zamani mgonjwa alitibiwa kwa miezi 18. Muda huo ulifupishwa kwa sababu ya utafiti uliofanywa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, tena kwa fedha za serikali.

Somo hili laeleza fedha za namna hiyo hutoka wapi, huombwa kwa njia gani, na kwa nini jambo hili lawahusu vijana wa Ufipa.

1. UTAFITI NI NINI?

Utafiti si kusoma vitabu vingi tu. Wazee wa Kifipa waliogundua kwamba majani yakifukiwa ndani ya tuta la intumba huoza na kuurutubisha udongo walifanya utafiti. Waliuliza, wakajaribu, wakatazama, kisha wakawafundisha wengine. Mtafiti wa leo hufanya hayo hayo, ila yeye huongeza mambo matatu: huandika kila alilofanya, huhesabu, na hulinganisha kundi moja na jingine, ili mtu mwingine aweze kurudia kazi yake na kuona kama ni kweli.

Utafiti wa afya una sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni utafiti wa mwili: vijidudu, damu, mbu, chakula, dawa na chanjo. Ya pili ni utafiti wa mwenendo, yaani mambo watu wanayoyatenda na sababu za kuyatenda. Tuchukue kifua kikuu kama mfano. Utafiti wa mwili huuliza: Ni dawa gani yaua vijidudu vya kifua? Utafiti wa mwenendo huuliza: Kwa nini mgonjwa wa bonde la Rukwa huacha dawa mwezi wa tatu, mara aonapo nguvu zimemrudia? Je, ni nauli? Ni kazi za shamba? Ni aibu mbele ya majirani? Maswali yote mawili yana uzito sawa, kwa maana dawa iliyo bora ikikaa juu ya kabati haimponyi mtu.

2. KWA NINI SERIKALI ITOE FEDHA?

Mfanyabiashara akitoa fedha hutaka faida, wala hakuna kosa katika hilo. Lakini kuna maradhi ambayo wagonjwa wake hawana fedha, na kuna maarifa yasiyouzika kwa kilo. Akigundua mtu kwamba kunawa mikono huzuia kuhara, atamwuzia nani ugunduzi huo? Ukishajulikana, kila mtu autumia bure. Kwa hiyo kazi ya namna hii haina budi kulipiwa na watu wote kwa pamoja, na chombo cha watu wote ni Serikali.

Mfano mzuri watoka Uingereza. Mwaka 1911 Bunge la huko lilipitisha sheria ya bima ya wafanyakazi, na ndani yake ikawekwa peni 1 kwa kila mwenye bima, kwa kila mwaka, kwa ajili ya utafiti. Jambo lililowasumbua sana wakati ule lilikuwa kifua kikuu. Peni moja ni kitu kidogo, lakini peni za mamilioni ya watu zilifanya mfuko mkubwa. Mwaka 1913 iliundwa kamati ya kuugawa mfuko huo, nayo baadaye ikawa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1970 Baraza hilo, pamoja na madaktari wa Afrika ya Mashariki, lilianza kuchunguza kama mgonjwa wa kifua aweza kupona kwa miezi 6 badala ya 18. Wagonjwa wa nchi zetu walikubali kushiriki. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, nayo yalionyesha kwamba jambo hilo lawezekana, hasa kwa kutumia dawa mpya ya wakati ule iitwayo rifampisini. Uchunguzi mwingine ukafuata, hata dunia nzima ikaufuata mpango huo. Tangu peni ya 1911 hata matokeo ya 1972 ni miaka 61. Fedha za utafiti ni kama kupanda miti: aliyepanda si lazima awe ndiye atakayekaa kivulini.

3. HISTORIA YA KWETU

Zamani za ukoloni utafiti wa maradhi ulifanywa kwa ushirika wa nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1949 kilianzishwa kikosi cha kuchunguza malaria, ambacho baadaye kilihamia Amani, katika milima ya Usambara, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga chuo cha utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Mwaka huo huo wa 1949 kazi ya kuchunguza matende na maradhi mengine ilianza Mwanza. Huko Entebbe, Uganda, ilikuwako maabara ya virusi iliyoanza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano.

Faida ya ushirika huo ilionekana mwaka 1952 na 1953. Katika nyanda za juu za Wamakonde, wilaya ya Newala, ulitokea ugonjwa uliowapata watu ghafula: homa kali, na maumivu ya viungo hata mtu akajikunja asiweze kunyoka. Wenyeji waliuita kwa lugha yao chikungunya, yaani kitu kinachokunja. Watafiti wa Entebbe waliitwa, na virusi vyenyewe vikapatikana. Leo madaktari wa Asia, Ulaya na Marekani hutumia neno hilo la Kimakonde. Kama isingalikuwapo maabara iliyolipiwa na serikali, ugonjwa ule ungalibaki homa isiyo na jina.

Ushirika huu ulikuwa na hatari yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikabaki na vituo vilivyokuwa katika ardhi yake. Tanzania haikuviacha vife. Kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979 Bunge liliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ijulikanayo kwa jina la NIMR, na vituo vya Amani, Mwanza na vinginevyo vikawekwa chini yake. Kituo chake kilicho karibu na sisi ni kile cha Mbeya.

Kabla ya hapo, mwaka 1968, lilikuwa limeundwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililoitwa kwa kifupi UTAFITI. Mahali pake palichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986.

4. MIFUKO ILIYOPO

Mtafiti wa Tanzania aweza kuomba fedha za serikali katika milango mitatu mikubwa.

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani. COSTECH husimamia Mfuko wa Taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, uitwao MTUSATE, nayo hutangaza nafasi za kuomba fedha. Hizi ni fedha za kodi zetu na za wale wanaotuunga mkono. Umoja wa Afrika umeweka lengo kwamba kila nchi itumie kwa utafiti angalau asilimia 1 ya pato lake, yaani katika kila shilingi 100 za pato la nchi, shilingi 1 iende kwenye utafiti wa kila aina. Nchi nyingi za Afrika, pamoja na yetu, bado hazijalifikia.

Mlango wa pili ni wa Ulaya. Mwaka 2003 nchi za Ulaya na za Afrika zilianza ubia uitwao EDCTP, wa kujaribu dawa na chanjo za maradhi kama malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Kituo cha Mbeya ni miongoni mwa vituo vilivyofanya kazi kwa fedha za ubia huo.

Mlango wa tatu ni wa Marekani. Huko kuna Taasisi za Taifa za Afya, ziitwazo NIH, ambazo zilianza mwaka 1887 katika chumba kimoja cha hospitali ya mabaharia mjini New York. Mwaka 2024 zilipewa na Bunge lao kiasi cha dola bilioni 47. Hakuna mfuko mwingine wa serikali duniani unaotoa fedha nyingi zaidi kwa utafiti wa tiba na mwenendo, na watafiti wengi wa Afrika wamefanya kazi kwa fedha hizo.

Lakini mwenye mfuko ndiye aufungaye na kuufungua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada mipya ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Tarehe 1 Mei mwaka huo NIH nayo ikatangaza kwamba haitatoa tena fedha kwa taasisi za nchi nyingine kwa kupitia mkataba wa chuo cha Marekani, mpaka utaratibu mpya utakapowekwa. Nasi wa Rukwa hatuwezi kulisikia jambo hili kama habari za mbali, maana huduma za UKIMWI za mkoa wetu zilisaidiwa na fedha za Marekani kwa miaka mingi.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Kila Bunge lina haki ya kuamua juu ya kodi za watu wake. Tunasema ili tuone jambo moja: atoaye fedha ndiye achaguaye swali, na ndiye achaguaye siku ya kuacha kuuliza. Maradhi yanayowasumbua watu wa Ulaya na Marekani pia, au yanayoweza kuwafikia, hupata fedha upesi. Maradhi ya Ufipa peke yake yatapata fedha kwa njia moja tu: wenyeji wayaandikie swali, na nchi yao iwe na mfuko wa kulilipia.

5. OMBI HUPITA NJIA GANI?

Fedha za utafiti hazitolewi kwa kujuana wala kwa kulia shida. Njia yake ni hii.

Kwanza, mfuko hutoa tangazo lenye mambo yanayotakiwa, watu wanaoruhusiwa kuomba, kiasi cha fedha na siku ya mwisho. Ombi lililochelewa hata siku moja hutupwa.

Pili, mwombaji huandika andiko. Ndani yake hueleza swali lake, mambo yaliyokwisha kujulikana, njia atakayoitumia, watu atakaowachunguza na idadi yao, muda, na hesabu ya kila shilingi.

Tatu, andiko husomwa na wataalamu wengine wa elimu ile ile wasio na faida ndani yake. Katika NIH husomwa mara mbili, kwanza na kamati ya wataalamu, kisha na baraza. Kwa miaka mingi, katika maombi 10, kama 2 tu ndiyo yaliyopata fedha. Kukataliwa kwa hiyo si aibu. Watafiti wakubwa wamekataliwa, wakasahihisha, wakaomba tena.

Nne, kabla ya kumgusa mtu yeyote, kamati ya maadili huchunguza kama kazi ile haitawadhuru watu. Kwetu Kamati ya Taifa iko chini ya NIMR. Mtafiti mgeni hupaswa pia kupata kibali cha COSTECH. Kisha hupita kwa wakuu wa mkoa, wilaya na kijiji.

Tano, kila mtu anayechunguzwa lazima akubali mwenyewe, na mtoto huombewa idhini kwa mzazi wake. Wazazi, sikieni vema hapa. Mkiletewa karatasi ya idhini mna haki ya kuuliza: Mwanangu atatolewa nini? Kitapelekwa wapi? Kuna hatari gani? Majibu tutaletewa lini? Tena mna haki ya kukataa, na hata ya kujitoa baada ya kukubali, bila kunyimwa matibabu yenu ya kawaida.

Sita, kazi ikiisha, mtafiti hutoa matokeo na hesabu ya fedha. Asiyetoa hesabu asitumaini kupewa tena.

6. MFANO WA ANDIKO

Sasa tujaribu wenyewe. Chagua jambo la hapa kwetu. Katika vijiji vingi vya nyanda za juu za kusini nguruwe hufugwa, na wengi wao hutembea huru. Yuko mnyoo aitwaye tegu la nguruwe. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai yake katika choo kikubwa. Nguruwe akila uchafu huo, viluwiluwi huingia katika nyama yake. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, hupata tegu. Lakini hatari kubwa ni hii: mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au kwa chakula kilichochafuliwa, viluwiluwi vyaweza kuingia katika ubongo wake na kumletea kifafa.

Wengi husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi kuna wagonjwa wa kifafa ambao mpaka leo husemwa kuwa wamerogwa, kumbe baadhi yao huenda wana viluwiluwi vya tegu kichwani. Si kila kifafa kina sababu hiyo, na ndiyo maana utafiti wahitajika.

Swali baya ni hili: “Nataka kujua habari za kifafa Ufipa.” Swali hilo ni pana mno, wala halina mwisho. Swali zuri ni hili: “Katika vijiji kadhaa vya Nkasi na Kalambo, je, watu wenye kifafa wana dalili za viluwiluwi vya tegu kuliko majirani zao wasio na kifafa?” Hapo pana mahali, pana watu, pana kulinganisha.

Kisha ongeza swali la mwenendo: “Kwa nini nguruwe hawafungiwi?” Usijibu upesi kwamba ni ujinga. Utafiti uliofanywa wilaya ya Mbulu ulionyesha kwamba baada ya wanavijiji kufundishwa, maambukizo ya nguruwe yalipungua, lakini namna ya kuwafuga haikubadilika sana. Maana yake ni kwamba kujua ni jambo moja, na kuwa na mbao za banda na chakula cha kumlisha nguruwe aliyefungiwa ni jambo jingine. Mtoto wa mfugaji wa Ufipa aweza kuliona hilo upesi kuliko mgeni.

Mwisho andika hesabu: vipimo, usafiri wa kushuka bondeni na kupanda tena, posho za wasaidizi, na fedha za kurudi kijijini kuwaeleza watu matokeo. Hii ya mwisho husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo deni la kwanza la mtafiti.

7. JIBU LISILOPENDEZA LINA THAMANI

Mwaka 1998 huko Mwanza ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana, uliofundisha wanafunzi wa shule za msingi habari za afya ya uzazi na UKIMWI. NIMR, AMREF na chuo kimoja cha London walilinganisha jamii 20, baadhi zilizofundishwa na nyingine ambazo hazijafundishwa. Vijana walipimwa mwaka 2001 na 2002, kisha tena mwaka 2007 na 2008. Ilionekana kwamba maarifa yao yaliongezeka, lakini maambukizo ya UKIMWI hayakupungua.

Je, fedha zilipotea? Hapana. Bila utafiti ule nchi ingaliendelea kudhani kwamba masomo ya darasani peke yake yatosha. Watafiti hawakulificha jibu, na wengine wakajua kwamba lazima jamii nzima ibadilike, pamoja na wazazi na watu wazima. Mtafiti anayeficha jibu lisilopendeza amekula fedha za watu.

8. KIJANA AANZE WAPI?

Usingoje mpaka upate digrii. Mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, huwapokea wanafunzi wa sekondari walete utafiti wao, hata wa mambo ya mwenendo wa watu. Na Serikali ya Ireland imekuwa miongoni mwa wafadhili wake. Tena mwaka 2022 Serikali yetu ilianzisha ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wa sayansi wanaofaulu vizuri sana kidato cha 6. Hizo pia ni fedha za umma kwa utafiti, maana hakuna utafiti pasipo watafiti.

Hata leo waweza kuanza na daftari na kalamu. Hesabu siku ambazo wanafunzi wa bweni lako wamelala wagonjwa, mwezi kwa mwezi, bila kuandika majina yao. Linganisha masika na kiangazi. Uliza kwa nini. Hesabu ikikamilika, mpe mwalimu wako wa baiolojia aione. Huo ndio mwanzo wa andiko, na maandiko yote makubwa yalianza kwa swali la mtu mmoja aliyetazama kwa makini mahali anapokaa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti kati ya utafiti wa mwili na utafiti wa mwenendo. Toa mfano mmoja wa kila namna kutoka kijijini kwenu.
2. Kwa nini mfanyabiashara hawezi kulipia kila utafiti wa afya?
3. Ni jambo gani lililotokea mwaka 1977, na Tanzania ilifanya nini mwaka 1979?
4. Eleza kwa maneno yako maana ya usemi huu: “Atoaye fedha ndiye achaguaye swali.”
5. Andika swali moja la utafiti juu ya afya ya watu wa Ufipa, lenye mahali, watu na jambo la kulinganisha. Kisha andika hesabu ya fedha utakazohitaji.